Chuo cha umma Marekani: bei nafuu ni ya nani?

Wengi wanaamini kwamba chuo kikuu cha umma Marekani ni cha bei nafuu kwa yeyote aliyekubaliwa. Sivyo. Unafuu ni wa mkaazi wa jimbo, maana chuo hupata ruzuku kutokana na kodi ya jimbo hilo. Pale Chuo Kikuu cha Michigan, ada ya mgeni ni zaidi ya mara tatu ya ile ya mwenyeji, na mwanafunzi aliyetoka Mombasa au Mwanza huhesabiwa mgeni vilevile. Kuwahi kupanga chumba hakusaidii: majimbo mengi hudai uwe umeishi huko miezi 12, tena si kwa ajili ya masomo tu.

Sasa mbona vijana wa majimbo mengine bado wanamiminika? Tazama Alabama, ambako zaidi ya nusu ya wanafunzi wa chuo kikuu cha jimbo hilo mjini Tuscaloosa ni wa kutoka nje ya jimbo. Watu husema ni mpira wa Kimarekani. Unachangia, ndiyo, uwanja wenyewe unabeba watu 100,000. Lakini kivutio kikubwa, nionavyo, ni pesa: chuo hutangaza waziwazi punguzo la ada kulingana na alama za shule na za SAT au ACT, mitihani ya kuombea nafasi vyuoni, hivyo mzazi wa Illinois hupiga hesabu yake mapema, mtoto hata hajatuma maombi.

Wala punguzo hilo si sadaka. Ruzuku za majimbo zilipokatwa baada ya 2008, vyuo vingi viliziba pengo kwa ada za wageni.