Nani anaweza kumfukuza nani? Dhana potofu kuhusu Bunge, kutoka kijiwe cha Majengo

Aprili ikiingia Dodoma huhitaji kalenda. Nyumba za wageni za Area C na Area D zinajaa, madereva wa bajaji wanataja bei baada ya kukuangalia viatu, na kijiweni kwetu Majengo, kwa muuza kahawa, mazungumzo yanahama kutoka Simba na Yanga kwenda Bunge la bajeti. Nilifundisha uraia mpaka nikastaafu, kwa hiyo ubishi ukipamba moto lazima mmoja anigeukie: "Eti mwalimu?"

"Tuna Bunge na Waziri Mkuu, basi mfumo wetu ni wa kibunge kama wa Uingereza."

Ulikuwa hivyo. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, na serikali yake ilitegemea imani ya wabunge. Januari 1962 akajiuzulu, Rashidi Kawawa akashika nafasi. Tarehe 9 Desemba mwaka huohuo tukawa jamhuri yenye Rais mtendaji. Mfumo ule uliishi mwaka mmoja tu.

Tulichonacho leo ni mseto. Rais anachaguliwa na wananchi moja kwa moja, lakini kwa Ibara ya 62 ya Katiba ya 1977 yeye ni mojawapo ya sehemu mbili za Bunge. Mawaziri lazima wawe wabunge, kama Uingereza. Rais, mkubwa wao, hana jimbo wala kiti cha ubunge, kama Marekani. Waziri Mkuu anateuliwa na Rais, wabunge wanamthibitisha kwa kura.

Vijana huwa nawapa swali moja la kupimia mfumo wowote: nani anaweza kumfukuza nani? Kwenye mfumo wa kibunge hasa, wabunge wakiishiwa imani na mkuu wa serikali, safari yake imekwisha, hata kama hajavunja sheria yoyote. Kwetu hilo linawezekana kwa Waziri Mkuu tu. Rais mpaka ashtakiwe bungeni kwa tuhuma maalumu, kamati ichunguze, kisha ipatikane theluthi mbili ya wabunge wote.

"Viti vitupu maana yake wabunge hawafanyi kazi."

Niliwahi kuwapeleka kidato cha tatu bungeni. Simu ziliachwa getini, tukapanda jukwaa la wageni, na kabla sijakaa vizuri binti mmoja alishaanza kuhesabu viti vilivyo wazi kwa kidole. Alifika sitini na kitu, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyewaruhusu kutoka.

Akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwepo, ni nusu ya wabunge wote, na inadaiwa wakati wa kufanya maamuzi. Ukumbini ndipo mambo yanaposomwa na kupigiwa kura. Mengi yanakuwa yamechambuliwa kwenye kamati. Mfano ninaoupenda ni wa Februari 2008. Kamati Teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe iliwasilisha taarifa ya mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Kura ya kutokuwa na imani haikuhitajika. Mwakyembe mwenyewe alikuwa mbunge wa chama kilekile cha Waziri Mkuu.

Sisemi kila kiti kitupu mwenyewe yuko kamatini. Wengine tunapishana nao kwenye nyama choma saa tano asubuhi.

"Mbunge akishika shilingi, waziri anakatwa mshahara."

Hii ndiyo inayonichekesha kuliko zote. Kijana mmoja anafungua video kwenye simu, mbunge amesimama: "Mheshimiwa Mwenyekiti, nisipopata maelezo ya kutosha, nashika shilingi!" Kijiwe chote kinapiga makofi. Mzee mmoja akauliza siku moja, kwa dhati kabisa, hiyo shilingi ikishashikwa inawekwa wapi.

Haiwekwi popote. Bajeti ya wizara inapopitishwa kifungu kwa kifungu, Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi, na ndiyo maana Spika anaitwa Mwenyekiti. Kifungu cha mshahara wa waziri ndicho kinachofungua mlango wa kuhoji sera ya wizara nzima. Mbunge "anashika shilingi" ya mshahara huo ili hoja yake ijadiliwe. Wenzake wanasimama kumuunga mkono, waziri anajibu, anaahidi, halafu mara nyingi unasikia: "Kwa maelezo hayo, naachia shilingi." Akikataa kuiachia, wabunge wanahojiwa, sauti za ndiyo na siyo zinapimwa kwa sikio la Mwenyekiti.

Kwa nini mbunge ashike shilingi moja wakati shida ya jimbo lake ni kisima cha mamilioni? Kwa sababu Ibara ya 99 haimruhusu kuongeza kodi au matumizi kwa hoja yake mwenyewe. Pendekezo hilo lazima litoke kwa Rais kupitia waziri. Na Bunge likiikataa bajeti ya Serikali, Ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja. Kisu hicho, hata hivyo, kina makali pande mbili: Bunge likivunjwa, kiti cha Rais nacho kinakuwa wazi. Ongeza kwamba bajeti kuu inapigiwa kura kwa kuitwa majina, mmoja mmoja, chama chako kikisikiliza.

Hata hivyo siidharau shilingi. Ahadi iliyotolewa ili iachiwe inabaki kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, na mbunge mwenye kumbukumbu atairudia mwaka unaofuata neno kwa neno.

"Mbunge ni wetu, tukimchoka tunamtoa."

Mnamtoa baada ya miaka mitano. Chama kinaweza kumtoa wiki ijayo: akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, Ibara ya 71 inamvua kiti. Mgombea binafsi hatuna, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua mwaka 2013 katika shauri la Mchungaji Mtikila kwamba katazo hilo linavunja haki. Kwa maoni yangu udhaifu mkubwa wa Bunge letu uko hapa. Aliyekuchagua na anayeweza kukufukuza si mtu mmoja, na binadamu humtii zaidi anayeweza kumfukuza.

"Mbunge ndiye anayejenga barabara."

Hapana. Kuna Mfuko wa Jimbo, kwa sheria ya 2009, lakini ni wa kuchochea miradi midogo. Barabara ni ya Serikali. Yeye ni wa kuihoji.

"Basi tuchukue mfumo wa kibunge hasa, tupone."

Una raha yake. Mwaka 2022 Uingereza ilimwondoa Waziri Mkuu Liz Truss kabla hajatimiza miezi miwili, bila uchaguzi mkuu wala maandamano; wabunge wa chama chake walimchoka tu. Lakini Lesotho, yenye mfumo huohuo, baada ya uchaguzi wa 2012 serikali za muungano zilivunjika mpaka nchi ikarudi kwenye uchaguzi mkuu 2015 na 2017. Ubelgiji ilikaa siku 541 mwaka 2010 na 2011 bila kuunda serikali mpya. Na Uingereza hiyohiyo, mwaka 2024, chama cha Labour kilipata viti 411 kati ya 650 kwa kama theluthi moja tu ya kura.

Nilipotaja Lesotho kijana wa bodaboda akanikatiza: "Mwalimu, kwa hiyo kule wananchi wanapiga kura mpaka wanachoka?" Sikuwahi kumjibu. Muuza kahawa alikuwa amesimama mbele yangu na birika, mkono mwingine ameunyoosha.

"Mheshimiwa mwalimu, nimeshika shilingi. Vikombe vitatu vya jana, na kashata mbili."