Mwanangu anamtesa paka: maswali na majibu

Nipo Pasua, Moshi. Nimemkuta mwanangu wa miaka minane amemfunga paka waya shingoni, anamburuta huku anacheka. Ndiyo atakuwa katili ukubwani?

Si lazima. Mtoto wa miaka miwili humvuta paka mkia kwa kuwa hajajua kwamba paka naye anaumia. Wa minane anajua. Akirudia baada ya kukanywa, tena kwa kujificha, usiseme "utoto tu". Madaktari wa akili wanauhesabu ukatili kwa wanyama miongoni mwa dalili za matatizo ya mwenendo kwa watoto, ingawa dalili moja peke yake haitoshi kumhukumu.

Mimi ningeanza kwa kuuliza: kaona wapi? Hapo nyumbani nani akirudi amelewa humpiga mbwa teke? Mwaka 1998 mtafiti Frank Ascione alichapisha mahojiano na wanawake 38 waliokimbilia hifadhi huko Utah, Marekani, baada ya kupigwa na wenzi wao. Kati ya waliokuwa na wanyama nyumbani, kama saba katika kila kumi walisema mwenzi alimtishia au kumuumiza mnyama. Watoto wapo, wanatazama. Wanajifunza kwamba mwenye nguvu hupiga na mnyonge hunyamaza. Mtoto naye akishapigwa, mnyonge wake ni nani kama si paka?

Desemba tunachinja mbuzi watoto wakiona. Nao ni ukatili?

Hapana, jamani. Kisu kikali, mkono wa anayejua, mara moja basi, na hakuna anayecheka. Mimi naogopa zaidi yule punda wa maji anayechapwa juu ya kidonda watoto wakipita kwenda shule. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, ila barabarani nani anaikumbuka?

Nimchape?

Utakuwa unamrudishia somo lile lile. Ufungue waya yeye akiona, mwonyeshe manyoya yalivyonyofoka shingoni. Mpe kazi ya kumwekea paka chakula, wewe ukiwa karibu. Kwa sasa wasibaki wawili peke yao. Akiendelea, mpeleke hospitali, Mawenzi au KCMC, uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili.

Na kama anayempiga mbwa ananipiga na mimi?

Basi paka siyo wa kwanza kwenye foleni. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kwa ajili ya mtoto, piga 116, ni bure.