Hendeli ya Ford Model T kwenye asubuhi ya barafu

Katika miji midogo ya nyanda za Nebraska na Dakota, Marekani, miaka ya 1910, watu wengi waliomiliki gari walikuwa na Ford Model T: silinda 4, nguvu farasi 20, na hakuna stata, yaani mota ya kuwashia injini. Injini iliamshwa kwa hendeli, yaani mpini wa chuma uliozungushwa kwa mkono mbele ya gari, na hendeli ilivunja mikono.

Inavunjaje? Chini ya usukani kuna vijiti viwili. Cha kulia ni cha mafuta, cha kushoto ni cha taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka. Cha kushoto kisiposukumwa juu kabisa, cheche huruka kabla pistoni haijafika kileleni. Mlipuko huirudisha chini, injini inageuka kinyume, na hendeli inapiga teke. Ndiyo maana kidole gumba hukaa upande mmoja na vidole vingine, wala hakizungushwi kwenye mpini. Hendeli huvutwa kutoka chini kwenda juu. Anayeikandamiza kwenda chini anakitia kifundo cha mkono wake mbele ya teke.

Swichi ikiwa imezimwa, vuta waya wa choki (kizibo cha kupunguza hewa ili petroli izidi) ulio kando ya rejeta na uzungushe injini mara mbili tatu ili ivute petroli. Kisha washa swichi, shika hendeli kwa mkono wa kushoto, vuta mara moja kwa nguvu. Sumaku za kwenye flaiwili, gurudumu zito linalozunguka na injini, hutoa umeme hafifu injini ikizungushwa polepole, kwa hiyo kuvuta kwa woga ni kujichosha bure.

Baridi ilileta balaa jingine, na kwangu hili ndilo baya zaidi. Sahani za klachi zinaogelea katika oili ileile ya injini. Oili ikiganda, sahani zinashikana hata kama gari liko huru; injini ikiwaka tu, gari linamfuata aliyeshika hendeli na kumbana ukutani. Dawa yake: zuia magurudumu ya mbele kwa magogo, kisha inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Difu, yaani gia zinazoruhusu magurudumu ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, italiacha lizunguke hewani, nalo likishapata kasi linaisaidia injini kuzunguka.

Maji ya kupoza injini yalimwagwa jioni ili yasigande na kupasua bloku, asubuhi yakarudishwa ya moto. Waliochanganya maji na spiriti ili yasigande walipaswa kuongeza mara kwa mara, maana huchemka kwenye nyuzi 78 hivi na kutoroka kabla ya maji.

Petroli nayo ilichujwa kwa ngozi laini, kwani maji kidogo tu yaliyotuama chini ya tangi yakiganda, mafuta hayapiti. Hakuna pampu: tangi liko chini ya kiti, mafuta yanateremka yenyewe. Kwenye mlima mkali, tangi likikaribia kuisha, kabureta, kinachochanganya petroli na hewa, huwa juu kuliko mafuta na injini inazimika. Hapo dereva aligeuza gari akapanda kwa rivasi, ambayo pia ndiyo gia yenye nguvu kuliko zote.

Stata ya umeme ilianza kupatikana kwenye gari hili mwaka 1919, lakini hendeli iliendelea kuwekwa mbele.