Uzito wa Mzamiaji: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kilo chache za ziada za risasi, yaani vipande vya madini mazito anavyovaa mzamiaji ili azame, ni akiba ya usalama. Ukweli ni kwamba kila kilo isiyohitajika humlazimu mzamiaji kutia takribani lita moja zaidi ya hewa katika jaketi la kuelea, na kwa kuwa hewa hiyo husinyaa anaposhuka na kutanuka anapopanda, yule aliyetafuta utulivu hushinda akibonyeza vitufe vya kutia na kutoa hewa. Kiasi kinachofaa hupimwa majini, hasa mwisho wa mbizi, mtungi ukiwa umebakiwa na shinikizo la baa 50 hivi na jaketi likiwa tupu: mzamiaji hutulia wima bila kupiga mapezi, akiwa amevuta pumzi ya kawaida na kuizuia kidogo, na maji yakimfikia usawa wa macho, kisha akazama polepole anapoitoa, uzito umetosha. Kupima kwa mtungi uliojaa hudanganya, maana hewa nayo ina uzito. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 hubeba karibu kilo 3 za hewa, na nyingi huwa imekwisha anaposimama mita 5 chini ya maji kabla ya kuibuka.

Wengine husema kwamba jaketi lenye mifuko ya risasi limeufanya mkanda wa risasi unaofungwa kiunoni upitwe na wakati. Mimi sikubaliani nao. Katika boti ndogo, ambamo vifaa hupandishwa kabla ya mwenyewe, jaketi lenye mtungi na risasi zote humwelemea aliyeinama ukingoni kulivuta, na mfuko usioshikizwa sawasawa huchomoka ukaenda chini. Ndiyo maana mifuko hutolewa na kukabidhiwa kwanza. Mkanda ni rahisi zaidi, mradi ushikwe kwa ncha isiyo na bizimu, la sivyo vipande vya risasi huteleza kimoja baada ya kingine na kuishia majini. Kwa anayeingilia ufukweni, akitembea juu ya mawe, risasi zilizo ndani ya jaketi humlemea mabega pamoja na mtungi, ilhali mkanda hukaa nyongani, ingawa huwaumiza baadhi ya watu kiuno. Tena kuna jambo ambalo wachache hulifikiria dukani: anayevua jaketi majini, risasi zote zikiwa ndani yake, huinuliwa na suti yake nene ya mpira wakati jaketi likivutwa chini, na zikiwa zote mkandani kiunoni, mambo hugeuka. Kugawa uzito kati ya sehemu hizo mbili hupunguza tatizo hilo.

Si kweli pia kwamba risasi zote lazima ziweze kutupwa kwa mpigo mmoja. Zinazotupika zitoshe kumwelesha mzamiaji juu ya maji, kwani kuzitupa zote akiwa kilindini kunaweza kumrusha juu kwa kasi asiyoweza kuidhibiti. Vipande vidogo vinavyofungwa kwenye mkanda wa mtungi ili kuusawazisha mwili hubaki mahali pake.

Mwisho ni wale wanaotumia uzito uleule baharini na ziwani. Maji ya bahari ni mazito kwa karibu asilimia 2.5, hivyo mzamiaji ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 hupunguza kilo 2.5 hivi aingiapo maji ya ziwa yasiyo na chumvi; akibadili pia unene wa suti, hupima upya.