Kipima presha kinavyopima joto la mmenyuko

Mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji hadi kuwa mapango ya Amboni mkoani Tanga, na yale yanayochimbwa Pongwe, mkoa huohuo, kutengenezea saruji, kwa mkemia ni kalsiamu kabonati. Yakichomwa hutoa kaboni dayoksaidi, chokaa ikabaki. Joto linalomezwa na moli moja ya jiwe (moli ni kipimo cha kiasi cha dutu) ili livunjike ndilo enthalpia ya mmenyuko, ΔH. Kalorimita, chombo cha kupimia joto, ya maabara ya shule haiwezi kulipima kwenye nyuzi 900. Kipima presha kinaweza.

Fungia jiwe ndani ya chombo, lipashe moto. Litavunjika mpaka gesi ifikie presha fulani, kisha mmenyuko utasawazika. Jiwe na chokaa ni yabisi, hayaingii kwenye hesabu, kwa hiyo konstanti ya msawazo, K, nambari inayoonyesha mmenyuko umefika wapi unaposawazika, inafuata presha ya gesi peke yake. Kwenye nyuzi 727 za selsiasi presha hiyo ni kama kilopaskali 5.9, kwenye 898 ni 101, sawa na ya hewa inayotuzunguka.

Mmenyuko unaomeza joto, K yake hupanda jotoridi likipanda, na unaomeza joto jingi hupandisha K kwa kasi zaidi. Uhusiano huo uliandikwa na Jacobus van 't Hoff, Mholanzi aliyepewa Nobel ya kwanza ya kemia mwaka 1901:

ln(K2/K1) = (ΔH/R)(1/T1 − 1/T2)

Jotoridi zetu, T1 na T2, kwa kelvini (selsiasi jumlisha 273) ni 1000 na 1171; K1 na K2 ni presha zake. Logi asilia ya 101/5.9 ni 2.84, tofauti ndani ya mabano ya pili ni 0.000146; R, konstanti ya gesi, ni 8.314. Jibu: kilojouli 162 hivi kwa moli. Ukisahau kubadili selsiasi kuwa kelvini utapata kama 90, na balaa ni kwamba hiyo nayo inaonekana nambari ya kawaida kabisa.

Majedwali ya kemia, ya nyuzi 25, yanasema ΔH ni 178. Fomula inachukulia kuwa ΔH haibadiliki, kumbe hupungua kidogo jiwe linapozidi kupata moto. Tena vipimo viwili ni vichache mno: kimoja kikikosewa, jibu zima linayumba. Afadhali upime mara nyingi, uchore grafu ya ln K dhidi ya 1/T. Mteremko wake ni −ΔH/R.

Kuzima chokaa kwa maji ni kinyume chake. Hapo joto hutoka, ΔH ni hasi, na K hushuka jotoridi likipanda. Ndiyo maana chokaa iliyozimwa, ikirudishwa motoni kupita nyuzi 500 na kitu, huyaachia yale maji.