Ubora na usalama wa makazi ya wazee: hasa kinapimwa nini?

Kutathmini makazi ya wazee ni kutafuta majibu ya maswali mawili. Je, mzee aliyemo yuko salama? Na je, siku zake zina utu na raha yoyote? Watu huyachanganya, kumbe yanaweza kwenda njia tofauti kabisa. Ukiwaacha wazee wote vitandani, kingo za pembeni zimepandishwa, hakuna atakayeanguka ukumbini. Lakini baada ya wiki chache misuli imelegea, ngozi ya makalio imeanza kuharibika, na aliyeingia akitembea kwa mkongojo hawezi tena kusimama. Ndiyo maana daftari la ajali lisilo na anguko hata moja mwaka mzima linapaswa kukutia shaka: ama wazee hawainuliwi, ama wahudumu hawaandiki.

Mgawanyo unaotumiwa zaidi katika kazi hii ulitolewa mwaka 1966 na Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Chuo Kikuu cha Michigan. Alisema ubora wa huduma hutazamwa katika muundo, mchakato na matokeo. Muundo ni vilivyopo: jengo, vitanda, idadi ya wahudumu na mafunzo yao. Mchakato ni kinachofanyika: nani anageuzwa kitandani, saa ngapi, dawa inatolewaje. Matokeo ni kinachompata mzee mwenyewe. Wageni wengi huishia kwenye muundo, kwa kuwa ndio unaoonekana kuanzia getini, na marumaru mpya husifiwa kuliko inavyostahili.

England, ambako watu wengi wa Afrika Mashariki wanafanya kazi ya ulezi, ina Tume ya Ubora wa Huduma (CQC), iliyoanza mwaka 2009. Wakaguzi wake huuliza kama huduma ni salama, inaleta nafuu, inatolewa kwa upole, inaendana na mahitaji ya kila mtu, na inaongozwa vizuri. Madaraja ni manne, kuanzia bora sana hadi isiyofaa. Kwetu, Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 57, inataja haki ya wazee kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa, na Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na ina makazi ya serikali kama Kolandoto mkoani Shinyanga, na Sebleni na Welezo kule Zanzibar. Katika makazi ya namna hii wapo wazee wasio na ndugu wa kuwatembelea, kwa hiyo jicho la mkaguzi linaweza kuwa ndilo jicho pekee kutoka nje.

Ukiwa na muda wa kukagua jambo moja tu, kagua ngozi. Kidonda cha kulalia hutokea pale mfupa unapokandamiza nyama dhidi ya godoro hadi damu ikashindwa kupita: chini ya mgongo, visigino, nyonga, viwiko. Asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa 2, ingawa godoro zuri linaweza kuruhusu muda mrefu zaidi. Vitabu vingi husema dalili ya kwanza ni wekundu usiopotea ukibonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usiuone kabisa. Gusa kwa mgongo wa mkono: sehemu inayoanza kuharibika huwa ya moto au baridi kuliko ya jirani, ngumu au yenye kubonyea, rangi yake imekoza zaidi, na mzee hushtuka ikiguswa. Kisha omba karatasi ya kugeuzwa, ile wahudumu wanayosaini kila wanapomgeuza mzee. Ikiwa saini za usiku kucha zina kalamu ile ile, mwandiko ule ule na dakika kamili kila mstari, huenda zilijazwa kwa mkupuo asubuhi. Kuna mazoea mawili mabaya yanayofanywa kwa nia njema: kuweka glovu iliyojazwa maji chini ya kisigino, na kumkalisha mzee kwenye mto wenye tundu katikati. Yote mawili huhamishia mkandamizo pembeni na kubana damu zaidi. Kusugua sehemu iliyoanza kubadilika nako huiumiza. Kisigino kinatakiwa kining'inie, mto ukiwa chini ya muundi wa mguu.

Chakula kipime kwa mizani. Menyu iliyobandikwa ukutani haithibitishi kitu. Kila mzee apimwe uzito walau mara moja kwa mwezi, nawe usome mfululizo wa miezi 6. Kupungua asilimia 5 ndani ya mwezi ni onyo, na asilimia 10 ndani ya miezi 6 vilevile. Kwa mwenye kilo 60 hizo ni kilo 3 na kilo 6. Asiyeweza kusimama kwenye mizani apimwe mzunguko wa katikati ya mkono wa juu. Ukiwa chini ya sentimita 23.5, huenda amekonda kupita kiasi. Maji yana hila yake. Jagi linaweza kuwepo mezani lakini mzee halifikii. Au analifikia ila anakataa kunywa kwa makusudi, kwa sababu anajua akibanwa na mkojo hakuna wa kumpeleka msalani kwa wakati. Kwa hiyo mkojo mweusi na kuchanganyikiwa ghafla mara nyingine humaanisha wahudumu ni wachache.

Kwenye dawa, hesabu vidonge mwenyewe. Pakiti ya 30 iliyofunguliwa asubuhi ya tarehe 1, kidonge kimoja kila asubuhi, mchana wa tarehe 11 iwe na 19. Vikiwa 22 na karatasi ya dawa imesainiwa siku zote 11, kuna saini 3 za uongo. Uliza pia wanafanyaje kwa asiyeweza kumeza. Jibu la “tunasaga zote” ni hatari, maana vidonge vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole vikisagwa humwaga dozi ya siku nzima kwa mara moja. Halafu tazama dawa za usingizi. Wodi ambayo wengi wamesinzia saa nne asubuhi inahitaji maelezo: nani aliandika dawa hiyo, kwa sababu gani, na lini aliipitia tena. Kumtuliza mzee kwa dawa ili asisumbue ni kumfunga kamba isiyoonekana.

Maanguko mengi huwa kati ya kitanda na choo. Itembee njia hiyo usiku, ukiwa umevaa malapa kama wao. Utakutana na kizingiti, swichi ya taa iliyo mbali, sakafu yenye maji. Kivute kwa nguvu chuma cha kushikilia ukutani. Kikitikisika, si cha kumbeba mtu. Mzee akikaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili ziguse sakafu. Kwa wanaopata kizunguzungu, presha ipimwe wakiwa wamelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, daktari atazame upya dawa zao. Ngazi ndogo ya sentimita 15 mlangoni inahitaji mteremko wa mita 1.8 ili kiti mwendo kipande kwa usalama. Kibao kifupi kilichoegeshwa humbinua mtu.

Moto haukaguliwi kwa kuhesabu mitungi ya kuzimia. Muulize mhudumu wa zamu ya usiku, si meneja, ufunguo wa mlango wa nyuma uko wapi, na mwache akakuoneshe. Madirisha yetu yana nondo, hivyo mlango uliofungwa kwa kufuli ndio mwisho wa njia. Zoezi la kuwatoa watu lina maana likifanywa na idadi halisi ya wahudumu wa usiku.

Hapo tunafika kwenye swali ambalo makazi mengi hulikwepa: usiku wapo wangapi? England sheria haiweki uwiano maalumu wa wahudumu kwa wazee. Inadai wahudumu wa kutosha, na kutosha hutegemea waliomo. Hesabu wazee wanaohitaji watu wawili kuwageuza. Kama zamu ni ya wahudumu wawili, kila wanapoingia chumba kimoja, vyumba vingine vyote havina mtu. Linganisha ratiba ya ukutani na vichwa unavyoviona, na ufanye hivyo Jumapili jioni bila kutoa taarifa.

Utu hujidhihirisha kwa vitu vidogo. Anaitwa “bibi” na jina lake, au “kitanda namba 6”? Mlango unabishwa kabla ya kufunguliwa? Anavaa nguo zake au zozote zilizotoka kufuliwa? Pesa zake za matumizi zina daftari na risiti? Harufu ya mkojo asubuhi nje ya chumba kimoja ni kawaida. Ikiwa jengo zima alasiri, magodoro yameloa muda mrefu.

Kasoro nyingi kati ya hizi hurekebishika ndani ya wiki chache. Kufungwa kamba, kipigo, au kidonda kirefu kilichofichwa ndugu, hayo ni ya kuripoti kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo. Na ikiamuliwa ahamishwe, kumbuka kuhama kwenyewe humchanganya mzee dhaifu. Aondoke asubuhi, akiwa na karatasi ya dawa yenye saa ya dozi ya mwisho, maelezo ya vidonda, miwani, meno ya bandia, mkongojo wake mwenyewe, na mtu anayemfahamu wa kulala naye usiku wa kwanza.