Siri ya jopo kuu la mahakama Marekani inamfunga nani?

Kila ninapokutana nje ya kazi na mtu aliyewahi kuitwa kutoa ushahidi mbele ya jopo kuu la mahakama ya shirikisho hapa Marekani, huniuliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa kumweleza mkewe yale aliyoulizwa. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili mahakamani. Ninapokuwa kazini siruhusiwi kumshauri shahidi, kazi yangu ni kuhamisha maneno tu, na ndiyo maana naandika haya hapa.

Jopo hili lisichanganywe na wazee wa baraza waliozoeleka kwetu, ambao huketi na jaji katika kesi inayosikilizwa hadharani. Jopo kuu linatokana na Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, na lina wajumbe 16 hadi 23, raia wa kawaida, ambao hawaamui kama mtu ana hatia bali kama upo msingi wa kutosha wa kumfungulia mashtaka. Wajumbe 12 wakikubali, hati ya mashtaka hutoka. Chumbani hamna jaji, hamna mshukiwa wala wakili wake; wamo wajumbe, waendesha mashtaka, mwandishi wa mwenendo, shahidi anayehojiwa, na mkalimani akihitajika. Wakati wa kujadiliana na kupiga kura, sote tunatolewa nje.

Kanuni ya 6 ya mwenendo wa jinai wa shirikisho inawataja mmoja mmoja wale wanaofungwa na siri: wajumbe, mkalimani, mwandishi, waendesha mashtaka na wachache wengine waliokabidhiwa habari hizo kisheria. Anayeivunja kwa makusudi aweza kuadhibiwa kwa kudharau mahakama. Shahidi hatajwi, na kanuni yenyewe inakataza kumbebesha mtu mwingine yeyote wajibu huo. Mwendesha mashtaka aweza kumwomba anyamaze, lakini ombi si amri. Sheria za majimbo hutofautiana, hivyo aliyeitwa na mahakama ya jimbo amuulize wakili kwanza; hata hivyo, mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Florida haikuweza kumzuia shahidi milele kusimulia ushahidi wake mwenyewe baada ya muda wa jopo kwisha.

Hofu ya kuzungumza na wakili wako haina msingi kabisa. Wakili haingii, lakini husubiri kwenye ujia nje ya mlango, na kwa desturi shahidi aliyekwama kwenye swali huweza kuomba atoke, azungumze naye, kisha arudi kwenye kiti chake.

Siri yenyewe naiunga mkono kwa dhati. Inamzuia mshukiwa asitoroke kabla ya kukamatwa, inawakinga mashahidi dhidi ya vitisho na hongo, na inawapa wajumbe uhuru wa kukataa: mwaka 1681, jopo la London lilikataa kumshtaki Earl wa Shaftesbury, mwanasiasa mpinzani wa Mfalme Charles II, ingawa mfalme alitaka ashtakiwe na jopo lilikuwa limelazimishwa kusikiliza ushahidi hadharani, bila kinga ya siri. Sababu iliyo nzito kwangu, hata hivyo, ni kumlinda aliyechunguzwa na asishtakiwe, maana katika jamii zetu ndogo za ugenini jina likishachafuka halioshwi na hukumu yoyote.

Lakini siri hiyo hiyo yaweza kumfaa mwendesha mashtaka kuliko raia. Huko Louisville, katika jimbo la Kentucky, mwaka 2020, baada ya polisi kumuua Breonna Taylor, mjumbe mmoja wa jopo alikwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kusema. Jaji alipoitoa, umma ukasikia kwamba mashtaka ya mauaji hayakuwahi kuwekwa mbele yao. Bila mjumbe huyo kujitokeza, huenda watu wangeendelea kuamini kwamba jopo liliyapima likayakataa.

Mimi nimo upande wa waliofungwa. Karatasi ninazoandikia majina na tarehe ninapotafsiri huziacha mezani chumbani, na nikifika nyumbani mke wangu haniulizi.